Homa ya mafua ikiingia bwenini, laleni mzungu wa nne
Mara mwanafunzi wa kwanza katika korido yenu anapoanza homa na kikohozi, hamisheni mito usiku huohuo ili kichwa cha kila mmoja kielekee miguu ya jirani yake, hata kwenye vitanda vya dabodeka, na madirisha yaachwe wazi. Matone ya kikohozi huanguka zaidi karibu na aliyeyatoa, hivyo mnapata umbali wa karibu urefu wa kitanda bila kuhitaji chumba kikubwa zaidi. Msisubiri mwenzenu wa chumbani augue, kwa kuwa virusi vya influenza huweza kuambukiza takriban siku moja kabla ya dalili kuonekana. Mbinu hii haifui dafu katika chumba kilichofungwa, ambamo chembe ndogo huelea hewani, wala haimlindi anayechangia kikombe na mgonjwa. Aliyeugua naye asirudi darasani, mtihani uwe karibu au la, mpaka apate nafuu na saa 24 zipite bila homa na bila kumeza parasetamoli, maana dawa hiyo hushusha joto la mwili lakini haiviui virusi.