SOMO: Namna ya kuwalisha simbilisi mboga mbichi bila kuwadhuru

Habari zenu wapendwa, shikamoo wakubwa wote. Maswali ya mboga yamekuwa mengi sana kipindi hiki cha baridi na najua sababu, majani yamekauka kila kona, watoto wana simbilisi wao wawili watatu (wengine mnawaita pimbi, ila sio yule pimbi wa porini anayekaa kwenye mawe), basi mtu akipita soko la Mwanjelwa hapa Mbeya jioni anakuta majani ya kabichi yametupwa pembeni anajaza mfuko, akifika nyumbani anawamwagia yote kwa mpigo, asubuhi mmoja kavimba tumbo kama ngoma na mtoto analia. Inaniuma kwa kweli, maana huyu mnyama ni mpole na hana makuu, anachohitaji ni mtu anayejua tumbo lake linafanyaje kazi. Someni taratibu.

Kwanza kabisa, nyasi. Mboga sio chakula chake kikuu hata siku moja. Chakula chake ni nyasi, ziwepo mbele yake mchana na usiku, mbichi au kavu, na kwa hesabu ya haraka kwenye kila sehemu kumi za anachokula nane ziwe nyasi. Meno yake yote 20 yanaota maisha yake yote, ya mbele na ya nyuma, na kinachoyasaga ni kutafuna nyasi ngumu, akikosa yanarefuka mpaka anashindwa kumeza. Halafu utumbo wake unategemea vijidudu vinavyochachusha nyasi kule nyuma, vijidudu hivyo havipendi mabadiliko ya ghafla, ukibadilisha chakula kwa siku moja vinavurugika, gesi inajaa, na huyu mnyama hawezi kutapika, kikishaingia kimeingia. Kwahiyo kabla hujafikiria mboga hakikisha umekata nyasi mwezi wa tano zikiwa bado na ukijani, umezianika kivulini zikakauka vizuri, umezihifadhi pasipovuja. Zenye ukungu tupa, usione huruma.

Sasa mboga ni za nini? Ni kwa ajili ya vitamini C. Simbilisi ni kama sisi binadamu, mwili wake hauwezi kuitengeneza, lazima aile kila siku, miligramu 10 hadi 30 kwa kila kilo ya uzito wake, na mwenye mimba anahitaji zaidi ya hapo. Wakati wa masika huku kwetu nyasi mbichi zipo mpaka mlangoni na zina vitamini hiyo, ndio maana wengi hamuoni shida kuanzia mwezi wa kumi na mbili mpaka wa nne. Kiangazi kikiingia nyasi zikikauka vitamini inapotea, mnyama anakula anashiba lakini anaishiwa ndani kwa ndani, baada ya wiki chache manyoya yanasimama, anakaa kona moja, ukimgusa miguu analia. Hapo ndipo mboga inapookoa maisha, kiangazi, na ndipo watu wanapokosea pia kwa sababu wanaanza ghafla.

Hatua ya pili, anza na mboga moja. Moja tu. Kata kipande cha ukubwa wa kidole gumba, mpe, mwangalie mpaka kesho yake. Angalia kinyesi, kiwe vidonge vikavu vinavyofanana. Kikiwa kizuri ongeza kidogo siku inayofuata, baada ya siku tatu nne ndio unaleta mboga ya pili. Kikilainika, acha mboga zote, rudisha nyasi na maji peke yake mpaka akae sawa. Watu wanaona hii hatua inachosha lakini ukiiruka hakuna kingine kwenye hili somo kitakachokusaidia.

Hatua ya tatu, uchaguzi. Hapa nakaa kidogo.

Namba moja kwangu ni pilipili hoho. Robo ya hoho ya kawaida kwa mmoja kwa siku inatosha kabisa kwa vitamini C, haina sukari ya kutisha, haileti gesi, toa kikonyo na mbegu basi. Nyekundu ina vitamini nyingi kuliko ya kijani ila bei ndio hivyo, ya kijani inafanya kazi. Pili saladi ile ya majani yaliyofunguka, pamoja na giligilani, hizi unaweza kuwapa mara kwa mara. Saladi ile iliyojifunga kama kabichi nyeupenyeupe ni maji matupu, hela yako bure. Majani ya karoti wanayapenda sana, karoti yenyewe ni tamu mno, kipande kidogo mara mbili kwa wiki inatosha.

Sukuma wiki, figiri na chainizi zina vitamini nyingi kweli, lakini zinaleta gesi zikizidi na sukuma ina kalsiamu nyingi ambayo ikirundikana inaweza kuleta mawe kwenye kibofu. Mpe jani moja, leo sukuma kesho hoho, zungusha. Mchicha na spinachi vilevile, mara moja moja, visiwe mboga ya kila siku. Kabichi ndio ya mwisho kwenye orodha yangu, jani dogo kwa yule aliyeizoea tu, na nasema hivi nikijua kabisa kwamba kabichi ndio rahisi kuliko zote hapa Mbeya. Nyanya iliyoiva kipande kidogo ni sawa, lakini majani yake na kikonyo HAPANA.

Za bure pia zipo. Mchunga unaoota mashambani wanaugombania, na mashona nguo machanga kabla hayajatoa zile mbegu za kung'ang'ania suruali. Majani mabichi ya mahindi sawa kabisa. Usikate pembeni ya barabara kuu ambako malori ya Tunduma yanapita yakimwaga moshi, wala mahali mbwa wanakojoa.

Hatua ya nne, vitu vya kukataa kabisa, waambie na watoto na dada wa kazi maana wao ndio wanaolisha:

Kitunguu maji, kitunguu saumu na liki, vinaharibu damu. Parachichi lote, tunda, ganda, kokwa na majani, nasisitiza hili kwa wa Rungwe na Njombe ambao mnayo mpaka yanaoza chini ya miti. Viazi mviringo, hasa maganda yenye ukijani, machipukizi na majani yake, na najua kila nyumba hapa inamenya viazi kila siku na ndoo ya maganda iko hapohapo. Maharage makavu yasiyopikwa. Majani ya chai na kahawa. Majani ya mnyonyo na mbegu zake, minyaa na mimea mingine ya jamii yake inayotoa utomvu mweupe (mchunga haumo humo), na yale makangaga (bracken kwa Kiingereza) yanayojaa kwenye mapori ya Mufindi baada ya moto kupita. Mmea usioujua usimpe kwa kujaribu.

Hatua ya tano, kuandaa. Osha kwa maji safi yanayotiririka, jani moja moja, kung'uta, acha lichuje maji. Kama ilitoka kwenye friji iache mpaka ubaridi uishe. Nyasi na mboga zilizokatwa zikafungwa kwenye kiroba zinapata joto katikati na kuanza kuchacha, hizo ndio zinavimbisha matumbo haraka kuliko kitu chochote, zitandaze mara tu ukifika. Na wale wa Makete na Njombe, asubuhi kukiwa na sakitu subirini iyeyuke na majani yakauke kwanza.

Kiasi ni kama kikombe kimoja cha chai cha mboga mchanganyiko kwa mkubwa mmoja kwa siku, nagawa asubuhi na jioni. Zilizobaki baada ya masaa mawili matatu ondoa. Na mpime kila wiki kwa mizani ya jikoni kama unayo, mkubwa huwa kati ya gramu 700 na 1200, uzito ukianza kushuka jua kuna tatizo kabla hata hujaliona kwa macho.

MASWALI YA WANAKUNDI

Tukuyu: Mkuu asante kwa somo. Wangu wamekula majani ya mparachichi jana, yalidondoka bandani, ila wanaonekana wazima. Nifanyeje?

Jibu: Pole ndugu yangu. Ondoa yote yaliyobaki sasa hivi, wape nyasi na maji, waangalie wanavyopumua na kama wanakula. Ukiona mmoja anahema kwa shida au amegoma kula usisubiri, mpeleke kwa daktari wa mifugo. Na banda kama liko chini ya mti lihamishe.

Makambako: Shikamoo mwalimu, wa mwanangu anaharisha tangu jana, kuna amoksilini ilibaki ya mtoto nimpe nusu kijiko?

Jibu: Marahaba mdogo wangu, USIMPE. Dawa za jamii ya penisilini, amoksilini ikiwemo, kwa mdomo zinaua vijidudu vizuri vya tumboni mwake, vibaya vinashika nafasi na vinatoa sumu, hiyo dawa yenyewe inaweza kumuua. Acha mboga zote, mpe nyasi kavu na maji safi, muweke pakavu penye joto. Kuharisha kwa simbilisi sio jambo la kungoja, mpeleke leo, na daktari mwambie wazi kwamba ni simbilisi na sio sungura.

Mafinga: Bibi yake watoto anawapa pumba za mahindi na ugali uliobaki, anasema kijijini wamefuga hivyo miaka yote. Namwambiaje?

Jibu: Usibishane na bibi jamani. Kijijini walikuwa wanapata majani mabichi kutwa nzima, pumba ilikuwa nyongeza tu, mwambie hivyo kwa upole na atakuelewa. Ugali, wali na mkate visiwepo, wanga mwingi unavuruga tumbo. Pumba kiganja kidogo sio mbaya sana ila iwe kavu isiyo na ukungu hata kidogo.

Iringa mjini: Wangu anachechemea na fizi zina damu kidogo, anakula pelenti za sungura (kile chakula cha vidonge cha dukani) na nyasi kavu tu. Ni ugonjwa gani?

Jibu: Dada, dalili hizo zinafanana sana na upungufu wa vitamini C, pelenti za sungura haziwekewi hiyo vitamini kwa sababu sungura anajitengenezea mwenyewe. Anza hoho leo, taratibu kama nilivyoeleza, lakini akishafika kutoka damu mboga peke yake zinachelewa, daktari atampa vitamini C yenyewe kwa kipimo. Usinunue vidonge vya mchanganyiko wa vitamini vya watu, vina A na D ambazo zikizidi ni hatari. Na kuichanganya kwenye chupa ya maji haisaidii sana, mwanga na muda vinaiharibu.

Uyole: Dawa zinazopigwa kwenye nyanya na kabichi tunazitoaje? Nikiloweka kwenye chumvi?

Jibu: Maji yanayotiririka yanapunguza iliyo juu ya jani, na majani ya nje toa. Ila kuna dawa zinazoingia ndani ya mmea, hizo hazitoki kwa chumvi wala kwa chochote. Muulize mkulima amepiga lini na kama siku za kungoja zilizoandikwa kwenye chupa ya dawa zimepita. Bora zaidi panda mwenyewe, kiroba kimoja cha udongo na samadi nje ya jiko kinabeba miche kadhaa ya sukuma, saladi na giligilani, simbilisi wawili wanakula bila wasiwasi.

Mbozi: Mimi nafuga wa kitoweo, hili somo linanihusu kweli?

Jibu: Linakuhusu kaka, tumbo ni lilelile. Mnyama aishi vizuri mpaka siku yake.

Njombe: Wangu ana mimba kubwa, nimuongezee mboga kiasi gani?

Jibu: Hongera! Hoho fikisha nusu kwa siku lakini ongeza polepole kwa wiki nzima. Mimba inaenda siku 59 mpaka 72 hivi, kwahiyo muda unao. Usimbebebebe, na usimbadilishie chakula wiki ya mwisho. Watoto watazaliwa na meno na manyoya tayari, ndani ya siku moja mbili utawaona wanatafuna nyasi pembeni ya mama, waachie wajifunze mboga kwake, usiwakatie vyao peke yao.