Kuandika historia ya ukoo wa West Nile: anza na mto, si na mwaka

Ukoo ukiwa Arua, Koboko, Moyo au Pakwach, kaskazini-magharibi mwa Uganda, swali la kwanza ni hili: babu zao walikaa ng'ambo ipi ya Mto Nile? Ng'ambo ya magharibi ilikuwa ndani ya Lado, eneo ambalo Uingereza ilimkodishia Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji mwaka 1894. Adjumani, upande wa mashariki, haikuwamo. Ukikosea hapo, yote yanayofuata yanapinda.

Usimwulize mzee mwaka. Mwulize, "Mzee, siku hizo alitawala nani?" Akitaja Emin Pasha, aliyelitawala jimbo la Equatoria kwa niaba ya Misri, uko kati ya 1878 na 1889. Akitaja Wabelgiji, ni baada ya kamanda wao Chaltin kuwashinda wafuasi wa Mahdi, kiongozi wa dini wa Sudan, huko Rejaf, Sudan Kusini ya leo, Februari 1897. Leopold alifariki Desemba 1909, na Juni 1910 Sudan ikachukua Lado. Wazungu wawindaji ndovu wasiomwogopa mtu ni wa majira hayo ya makabidhiano. DC (mkuu wa wilaya wa Kiingereza) wa Arua ni 1914 kuendelea, kwa sababu ndipo sehemu ya kusini ilipoingizwa Uganda.

Neno linalopoteza wengi ni "Waarabu". Wazee huliita hivyo kundi la wafanyabiashara wa pembe na watumwa kutoka Khartoum, askari wa Misri, hata watu wa Mahdi. Basi uliza zaidi: walijenga boma wakadai nafaka, au walivamia wakaondoka na watu? Na boma lenyewe lisikudanganye. Boma la Dufile, kando ya Nile, ambako handaki na tuta la udongo bado vinaonekana, lilianza enzi za Gordon, Mwingereza aliyeitawala Equatoria kabla ya Emin, kisha Wabelgiji wakalikalia tena 1902 hadi 1907. Mtu akisema tu "babu alibeba mizigo Dufile", bado hujapata tarehe.

Hakikisha kwa kuhesabu vizazi, miaka 25 hadi 30 kila kimoja. Mzee aliyezaliwa 1945 ana baba wa 1918 hivi na babu wa 1890. Babu huyo aliwaona Wabelgiji akiwa kijana. Emin hakumwona, kwa hiyo hadithi ya Emin ni ya kizazi cha juu zaidi. Iandike hivyo, usiifute.

Kwa karatasi, nyaraka za taifa zilizoko Wandegeya, Kampala, zitakusaidia kuanzia 1914. Za Wabelgiji zitafute Tervuren na Brussels, za miaka ya Sudan zianzie Durham, Uingereza.