Kupaka rimu za kiwandani rangi ya gunmeto nyumbani: somo na maswali ya wadau

Wakuu, somo hili ni la rimu za aloi zilizokuja na gari kutoka kiwandani, zile za fedha za inchi 15 hadi 17 tunazoziona kwenye IST, Allion, RAV4 na Forester. Rimu za chuma ni rahisi zaidi, sitazigusa.

Kwanza rangi yenyewe. Wengi hukimbilia nyeusi ya kung'aa, na kwa barabara zetu ni chaguo baya: vumbi jekundu huonekana juu yake kuliko hata kwenye fedha. Gunmeto, yaani kijivu iliyokoza yenye chembe za metali, huficha vumbi la breki, huficha vumbi la barabara, na husamehe mikwaruzo uliyoshindwa kuimaliza kwa msasa. Nyeusi haisamehi kitu.

Kagua kabla ya kununua

Osha rimu, ikauke, iangalie juani. Ukiona mistari myeupe inayotambaa chini ya klia (tabaka angavu la juu linalolinda rangi), hiyo ni kutu ya aluminiamu. Ukipaka juu yake itaendelea kutembea na kuinua rangi mpya, kwa hiyo sehemu hizo lazima zisuguliwe mpaka metali tupu. Geuza rimu uangalie na upande wa ndani. Yenye ufa au iliyopinda usiipake. Rangi itakuficha tatizo ambalo siku moja litakuangusha. Na kama uso wake umechongwa kwa mashine ukabaki unameta, ujue chini ya klia kuna aluminiamu tupu na laini. Hiyo haishiki rangi bila praima (rangi ya msingi) ya kuuma metali.

Vifaa kwa rimu nne za inchi 15 au 16, uso tu

Makopo ya kupuliza ya ml 400: praima ya kijivu iliyokoza 2, rangi 2, klia 2, pamoja na kopo moja la praima ya kuuma metali kwa ajili ya sehemu zilizo wazi. Kwa inchi 17 ongeza kopo moja la rangi na moja la klia. Praima, rangi na klia vitoke kampuni moja, tena mfululizo mmoja. Hapa ndipo watu wanapobana senti na kupoteza kazi nzima. Msasa wa maji namba 240, 320, 400 na 600. Sponji ya kijivu ya kusugulia kwa ajili ya kona. Puti kidogo ya kujazia mikwaruzo, spiriti ya aisopropili, vitambaa visivyotoa nyuzi, maskin tepu, magazeti, na pakiti tatu za karata. Karata ni za kukinga tairi.

Hatua ya 1: kutoa na kuosha

Gari liwe sehemu tambarare, kabari kwenye magurudumu yanayobaki chini, stendi chini ya gari. Jeki peke yake haitoshi. Kama huna stendi nne, fanya rimu mbili mbili.

Osha kwa sabuni ya vyombo na brashi, pande zote mbili, halafu osha tairi pia. Polishi ya tairi ina silikoni, na silikoni ndiyo adui mkubwa wa kazi hii kuliko hata msasa mbaya. Tone moja likihamia kwenye rimu, rangi inakimbia pale na kuacha kishimo kama jicho. Anza kusugua baada ya kuondoa mafuta, si kabla, maana msasa utaisukuma silikoni ndani ya mikwaruzo. Usifute kwa petroli wala dizeli, zinaacha mafuta.

Hatua ya 2: msasa

Hapa ndipo penye kazi. Huhitaji kuondoa rangi yote ya kiwandani. Ikiwa nzima, hakuna msingi bora kuliko huo. Kinachotakiwa ni kuua mng'ao wote. Sugua uso kwa namba 400 na maji, kona na mashimo ya nati kwa sponji ya kijivu. Kausha uangalie dhidi ya mwanga: popote panapometa, rangi itabanduka hapo hapo.

Kingo zilizokwanguliwa na mawe ya pembeni ya barabara zianze na 240 mpaka ncha kali ziishe, kisha 320. Mkwaruzo wenye kina, jaza puti juu ya metali tupu iliyosuguliwa. Zingatia mpangilio huo. Puti haiwekwi juu ya praima ya kuuma metali, kwa sababu asidi ya praima hiyo huizuia kushika vizuri. Ikikauka, isawazishe kwa 320, kisha kucha yako ipite kutoka rangi ya zamani hadi kwenye puti bila kukwama. Ikikwama, mstari huo utauona baada ya klia, na wakati huo utakuwa umechelewa.

Hatua ya 3: kukinga

Toa kiini cha valvu, upepo uishe wote, sukuma ukuta wa tairi na uingize karata kati ya mpira na mdomo wa rimu, kuzunguka. Karata 30 hivi kwa gurudumu, zikipandana kidogo. Valvu ifunge tepu.

Sehemu zisizopakwa kamwe ni tatu: vikalio vya nati (pale nati inapokaa ikikazwa), sehemu ya nyuma inayolala kwenye habu (kitovu cha gari kinachobeba gurudumu), na tundu la katikati. Rangi ikiwa kwenye kikalio, nati inabana rangi badala ya metali. Rangi inasagika, nati inalegea. Ziba kila tundu kwa nati kuukuu au karatasi iliyosokotwa. Grisi usiitumie kukinga.

Hatua ya 4: kupuliza

Futa kwa spiriti, subiri dakika 10. Weka gurudumu juu ya ndoo iliyogeuzwa ili uweze kulizungusha. Rimu iwe ya uvuguvugu, isiyoguswa na jua. Pwani subiri umande uishe kabisa; kuanzia saa nne asubuhi ni wakati mzuri. Nyanda za juu kwenye baridi, tumbukiza kopo kwenye maji ya uvuguvugu dakika chache. Usilipashe motoni, wala maji yasizidi nyuzi 50.

Umbali ni sentimita 20 hadi 25. Anza na ubavu wa spoki na mashimo, malizia na uso. Ukianza na uso, utaujaza mno ukihangaika na kona. Tabaka la kwanza liwe la ukungu tu, hata rimu ya fedha ikionekana bado. Subiri dakika 10, tabaka la pili la wastani, kisha la tatu. Anza kupuliza nje ya rimu na umalizie nje ya rimu.

Metali tupu ipate praima ya kuuma kwanza, kisha praima ya kijivu kote, tabaka mbili. Ikauke, uipitishie msasa 600, uifute. Rangi tabaka tatu. Klia tabaka tatu, ya mwisho ikiwa imelowa kidogo. Barakoa ya vichujio vya mvuke ni lazima. Barakoa ya kitambaa haizuii kitu.

Karata na tepu zitoe klia ikiwa bado laini, baada ya nusu saa hivi.

Hatua ya 5: kurudisha

Saa 24 kabla ya kufunga. Nati zianze kwa mkono, zikazwe kwa kuvuka kama nyota. Toyota ndogo nyingi ni Nm 103 (newton-mita, kipimo cha nguvu ya kukaza). Kwa gari jingine fuata kitabu chake. Kaza tena baada ya kilomita 50 hadi 100. Wiki nzima bila mashine ya maji ya kasi.

Maswali

*Mkuu, si bora kutoa tairi kabisa?*
Kama kingo zimekwanguka pande zote, ndiyo, utasugua kwa uhuru. Ila ukishatoa tairi lazima ubalansi upya. Vyuma vya balansi vilivyogandishwa ndani usivisogeze bila sababu.

*Nimepiga klia kesho yake, rangi ikakunjamana yote. Kopo bovu?*
Kopo si bovu. Rangi nyingi za enameli hupakwa juu yake ndani ya saa moja, au baada ya saa 48. Katikati ya hapo juu pamekauka lakini ndani bado mbichi. Kimiminika cha klia kinapenya na kuivimbisha. Soma nyuma ya kopo, muda hutofautiana. Sasa hivi iache ikauke kabisa, sugua mpaka pawe laini, anza na praima.

*Fundi ananishauri rangi ya kalipa (kibano cha breki) inayohimili joto kali. Si rimu zinapata joto?*
Hazifiki huko. Rangi nyingi za aina hiyo zinahitaji kuokwa ndipo zikomae. Zisipookwa hubaki dhaifu kuliko rangi ya kawaida ya rimu.

*Niko Mombasa. Klia imetoka na ukungu mweupe.*
Ni unyevu wa hewa ulionaswa klia ilipokuwa ikikauka. Usikimbilie msasa. Subiri siku kavu yenye upepo mwepesi, puliza tabaka jembamba la klia ile ile. Mara nyingi hulainisha la chini na unyevu ukatoka. Ukibaki, ndipo usugue.

*Klia ya sehemu mbili, ile ya kubonyeza chini ya kopo, ina faida?*
Kubwa. Inahimili petroli na mafuta ya breki vizuri zaidi, wakati klia ya kawaida huyeyuka. Lakini ina isosayaneti, sumu kwa mapafu, na ukishabonyeza una siku moja au mbili kabla haijaganda ndani ya kopo. Kama huna barakoa ya maana na nafasi ya wazi, mwachie fundi rangi wa gereji.

*Naongezea kwa mdau aliyetoa somo: rimu nyingi za aloi za Toyota zinatumia nati zenye shingo na washa bapa.*
Sahihi kabisa, mkuu. Asije mtu akafungia nati za koni za rimu za chuma kwa sababu tu uzi unaingia. Halafu kwa fundi wa tairi, zuia mashine ya upepo isikaze mpaka mwisho. Inazungusha soketi na kukwangua mashimo uliyoyapaka.

*Wanaoosha magari hapa mtaani wana asidi ya rimu, inang'arisha kweli.*
Inang'arisha kwa sababu inakula. Itaanza na klia, kisha aluminiamu. Waambie shampuu ya gari na sponji tu, rimu ikiwa imepoa.