Kuchora uchungu kwa leya: hatua kwa hatua

Ukiwa na uchungu moyoni, usianze kwa kutafuta picha nzuri. Utafutie uchungu huo mahali pa kukaa. Programu za kuchorea zina leya, yaani matabaka yanayolaliana, na kila moja unaweza kulificha au kulififisha bila kugusa mengine. Mwongozo huu wote umesimama juu ya hilo.

Hatua ya 1. Fungua Krita kwenye kompyuta au ibisPaint kwenye simu. Zote zinapatikana bure. Turubai, yaani eneo la kuchorea, ya pikseli 2000 kwa 2000 inatosha. Kalamu si lazima, hata kidole kinachora.

Hatua ya 2. Chagua brashi moja na rangi moja, kisha jipe dakika 10. Chora unavyojisikia, si kilichotokea. Kama hakuna picha inayokujia, jaza pembe moja kwa mikwaruzo mpaka mkono uchoke. Na usiguse kitufe cha kutendua, kile kinachofuta ulichochora mwisho! Nalisisitiza hili kwa sababu kidole hukikimbilia chenyewe, na mara nyingi mstari unaotaka kuufuta ndio uliobeba jambo lenyewe.

Hatua ya 3. Weka kifaa chini, nyoosha mabega, kunywa maji. Ukiona moyo unazidi kuwa mzito, au unawaza kujidhuru, ishia hapo umtafute mtu unayemwamini au mshauri nasaha, leo hii. Tiba ya sanaa ni taaluma yenye wataalamu wake. Mwongozo huu hauchukui nafasi yao.

Hatua ya 4. Ongeza leya mpya juu ya ile ya kwanza, na ya chini usiifute. Chora humo kile ambacho uchungu ule unakidai: ukuta, mkono, shuka la kuufunika. Kisha rudi kwenye leya ya chini, ushushe kiwango chake cha kuonekana taratibu kutoka asilimia 100, ukomee pale unapoweza kuitazama bila kubana pumzi. Binti mmoja niliyemfundisha, aliyekuwa amefiwa, alikomea 15. Baadaye aliirudisha mwenyewe hadi 60, akaongeza macho kwenye uso aliouacha mtupu. Sikumwambia afanye hivyo.

Hatua ya 5. Hifadhi faili kwa mfumo wa programu yenyewe, kama .kra kwa Krita. Ukihifadhi PNG peke yake, yaani faili ya picha ya kawaida, leya zote zinagandana, na hutaweza tena kuigusa ile ya chini. Siku hiyo usimwonyeshe mtu kwa ajili ya sifa.