Jinsi ya kulinda sarafu zako za kidijitali dhidi ya matapeli

Wezi wa sarafu za kidijitali ni nadra kuhangaika na hesabu zinazolinda Bitcoin au Ethereum, maana zingewashinda. Njia yao ni kukufanya wewe mwenyewe utoe ufunguo, yaani siri inayoruhusu sarafu zako kutumika, au uidhinishe wizi. Muamala ukishathibitishwa, hakuna benki ya kuurudisha, kwa hiyo ulinzi wote hufanyika kabla hujabonyeza.

Anza na maneno ya kurejesha pochi (programu au kifaa kinachotunza ufunguo wako), yale 12 au 24 unayopewa unapoifungua. Hutoka kwenye orodha ya maneno 2,048, na mfuatano wake ni sehemu ya siri. Anayeyajua anaimiliki pochi hata kama simu iko mkononi mwako. Yaandike kwa kalamu kwenye karatasi, nakala mbili, uzitunze mahali pawili tofauti. Usiyapige picha: simu nyingi hupeleka picha zenyewe kwenye hifadhi ya mtandaoni, na atakayeingia kwenye akaunti yako atazikuta. Kabla ya kuweka kiasi kikubwa, tuma kidogo, ifute pochi, kisha irejeshe kwa karatasi ile. Neno lililoandikwa vibaya ni heri likugharimu wakati huo. Baada ya hapo, yeyote anayeyaomba, hata akijiita mhudumu wa kampuni ya pochi yako, ni mwizi.

Ukiweka sarafu kwenye soko la kubadilishia, yaani tovuti ya kununulia na kuuzia sarafu, tumia barua pepe ya kazi hiyo tu na nywila ambayo hujaitumia kwingine. Usitegemee msimbo wa SMS: tapeli akiwashawishi watu wa kampuni ya simu wahamishie namba yako kwenye laini yake, misimbo yote inamfikia yeye. Programu ya misimbo inayobadilika kila sekunde 30 ni bora zaidi, ingawa tovuti bandia inaweza kuupokea msimbo wako na kuutumia papo hapo kwenye tovuti halisi. Ufunguo wa usalama wa USB huziba pengo hilo, kwa sababu hukagua anwani ya tovuti kabla ya kujibu. Washa pia orodha ya anwani za pochi (mifuatano ya herufi na tarakimu ya kupokelea sarafu) zinazoruhusiwa kupokea fedha zako.

Wakati wa kutuma, kuna virusi vinavyobadilisha anwani uliyonakili mara tu unapoibandika. Kuna pia hila ya kukutumia muamala wa thamani ya sifuri kutoka anwani inayofanana na ile unayoitumia mara kwa mara, herufi nne za mwanzo na nne za mwisho zikiwa zilezile, ili siku moja uinakili kutoka kwenye historia yako. Kwa hiyo usinakili kutoka historia. Soma anwani nzima, pamoja na herufi za katikati, kisha tuma kiasi kidogo cha majaribio na usubiri kifike.

Idhini ndizo zinazowaponza hata wazoefu. Kwenye Ethereum, tovuti inaweza kukuomba ruhusa ya kutumia tokeni zako (sarafu zinazoendeshwa juu ya mtandao huo) bila kikomo, na ruhusa hiyo hubaki hai hata ukitenganisha pochi na tovuti. Weka kikomo kinacholingana na muamala uliopo. Idhini zilizobaki zikague kwa Revoke.cash au ukurasa wa idhini wa Etherscan, tovuti zinazokuonyesha idhini ulizotoa na kukuwezesha kuzifuta, ukiandika anwani ya tovuti mwenyewe badala ya kufuata tangazo. Kila kufuta hugharimu ada ndogo ya mtandao. Pochi ya kifaa, kama Ledger au Trezor, huuweka ufunguo mbali na intaneti, lakini haikuokoi ukisaini usichokielewa. Februari 2025 soko la Bybit liliibiwa Etha, sarafu ya Ethereum, zenye thamani ya takriban dola bilioni 1.5: waliosaini waliona muamala wa kawaida kwenye kompyuta, kumbe walichoidhinisha ni kingine. Kama skrini ya kifaa haionyeshi mpokeaji na kiasi kwa namna unayoielewa, kataa.

Ukishaibiwa, fungua mara moja pochi mpya yenye maneno mapya, kwenye kifaa kingine, uhamishie kilichobaki. Kama maneno yamevuja, kufuta idhini au kubadilisha nywila hakusaidii. Nakili namba ya muamala, fuatilia sarafu zilikokwenda, na zikiingia kwenye soko lolote liarifu haraka ili lizuie akaunti, kisha utoe taarifa polisi. Atakayekutafuta akidai atazirudisha ukimlipa kwanza anakuja kukuibia mara ya pili.