Ukipewa chungwa njiani Shikoku, lipokee

Ukienda Japani kutembea hija ya mahekalu 88 ya kisiwa cha Shikoku, takriban kilomita 1,200, nunua mapema vijikaratasi vyeupe viitwavyo osamefuda. Andika jina lako na ulikotoka, kisha weka vichache mfukoni, si ndani kabisa ya begi. Wenyeji humpa hujaji chungwa, chai, hata pesa, mgeni akiwemo. Desturi hiyo huitwa osettai. Usikatae kwa kuona haya, maana mtoaji naye anashiriki hija kupitia kwako. Pokea kwa mikono miwili, inama, mpe kijikaratasi kimoja. Kwa wengi ni kumbukumbu yenye baraka. Na fika hekaluni mapema: ofisi ya mihuri, wanapogonga muhuri wa hekalu kwenye daftari la hujaji, hufungwa saa kumi na moja jioni.