Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kuingia Porini Bila Dira

Kuijua kaskazini hakumfai kitu mtu asiyejua barabara aliyoiacha iko upande gani. Ndiyo maana maandalizi huanzia kwenye ramani, nyumbani, kwa kuchagua alama moja ndefu ambayo mtu hawezi kuivuka bila kuitambua, kama vile mto au barabara kuu, na kukariri ilivyolala. Ikiwa barabara inapita magharibi mwa msitu kutoka kaskazini hadi kusini, aliyepotea humo ataelekea magharibi mpaka aikute, hata kama hajui yuko wapi hasa.

Msimu nao uangaliwe, kwa kuwa jua huchomoza mashariki kamili karibu na tarehe 20 Machi na 22 Septemba tu. Mwishoni mwa Juni, kwenye ikweta, huchomoza takriban nyuzi 23 kaskazini mwa mashariki, na mwishoni mwa Desemba kiasi hichohicho upande wa kusini. Kadiri mtu anavyokuwa mbali na ikweta ndivyo tofauti hiyo inavyoongezeka. Mbinu ya kuelekeza mshale wa saa ya mkononi kwenye jua ili kupata kaskazini au kusini, ambayo wengi huisifu, haifai katika tropiki, ambako jua la adhuhuri hupita karibu na utosi.

Cha kuaminika zaidi ni kijiti, na ni vyema kukifanyia mazoezi mapema. Kisimamishwe wima mahali tambarare, ncha ya kivuli iwekewe kijiwe, na baada ya dakika 20 au 30 ncha mpya iwekewe kijiwe cha pili: cha kwanza kiko magharibi, cha pili mashariki. Ncha ya kivuli huwa na ukungu, hivyo aliyeharakisha, kivuli kikiwa kimesogea upana wa kidole tu, atapata mstari uliopinda. Matokeo ni bora karibu na adhuhuri kuliko asubuhi au jioni.

Atakayelala nje ajue pia anga la usiku la mwezi huo. Nyota ya Kaskazini haionekani kusini mwa ikweta, na hata kaskazini yake kidogo hujificha kwenye upeo wa macho. Huko Msalaba wa Kusini, kundi la nyota lenye umbo la msalaba, ndio wa kutegemewa: mhimili wake mrefu ukirefushwa mara nne na nusu hufika karibu na ncha ya kusini ya anga, mradi msalaba wenyewe uthibitishwe kwa nyota mbili angavu zilizo jirani, maana upo mwingine unaofanana nao. Nyota tatu za mkanda wa Jabari, kundinyota liitwalo pia Orion, huchomoza karibu mashariki kamili popote duniani, ila mwezi wa Juni hufichwa na mwanga wa jua.

Kuvumwani, ule utando unaoota kwenye magome ya miti, isitegemewe kuonyesha upande, kwani huota popote penye unyevu. Na kwa kuwa mawingu mazito huzifunga mbinu zote za angani, utabiri wa hali ya hewa usomwe asubuhi ya safari, na siku ya mawingu ya kutwa mtu asiiache njia iliyokwisha kukanyagwa.